Siku Dada Alipoitwa

Wateja wangu wa saluni pale Buswelu wamenizoea. Wanajua kwamba dada yangu akitokea mlangoni, kichwa kitasubiri. Siwezi kusuka na kuongea naye kwa wakati mmoja, kwa sababu dada ni kiziwi tangu akiwa mdogo, na maongezi yetu yote yako mikononi. Naacha msuko katikati, nageuka, naongea, nacheka, halafu narudi kwenye kichwa cha watu. Siku moja mteja niliyekuwa namsuka mtindo wa twende kilioni alinitazama kwenye kioo akasema, "Mwenzetu, umbea wenu unanipita juu ya kichwa hivihivi. Ama umalize kichwa, ama nitafsirie."

Nikamtafsiria. Ulikuwa umbea mtamu kuliko wote wa mwaka ule. Dada alikuwa amekuja kuniambia kwamba ana mimba.

Aliniambia kwa alama yetu ya uani, siyo ile ya shuleni. Shuleni, kule bweni la watoto viziwi, alifundishwa lugha ya alama yenye mpangilio wake wote, akarudi nayo akanifundisha na mimi. Lakini kabla ya hapo tulikuwa na lugha yetu wenyewe, tuliyoitunga tukicheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba. Katika lugha hiyo, mtoto ni kupuliza kiganja, kama mtu anayepooza uji. Basi dada akasimama mlangoni, tumbo bado tambarare, akanipulizia kiganja. Nilipiga kelele mpaka mama anayekaanga sato nje ya saluni akaingia na upawa mkononi akiuliza nyoka yuko wapi.

Kwetu ni watu wa ufundi. Babu yetu mzaa baba alifika Mwanza na cherehani begani na msala kwapani, akaoa Msukuma, akabaki. Baba akarithi cherehani. Dada naye akawa fundi, tena fundi anayeshona bila kukosea kwa sababu mlio wa mashine anausikia kwa nyayo. Mimi peke yangu ndiye niliyekimbilia nywele. Shule niliimaliza kidato cha nne, cheti nikakitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia chini ya godoro, na hapo ndipo ilipo mpaka leo, inalala vizuri kuliko mimi.

Lakini nina ndoto, na sioni aibu kuitaja. Nataka kuwa yule mkalimani anayesimama kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa televisheni wakati wa taarifa ya habari. Saluni ina kioo kirefu. Asubuhi kabla wateja hawajafika nawasha redio, nasimama mbele ya kioo, natafsiri kila kinachopita: bei ya pamba, upepo ziwani, salamu za rambirambi, tangazo la dawa ya mende. Rambirambi nazitafsiri vizuri sana, wakati mwingine mpaka nalia.

Kliniki ya kwanza ya dada nilikwenda naye. Kituo chetu cha afya kina veranda ndefu yenye mabenchi, na mwisho wa veranda kuna dirisha. Kadi zinakusanywa pale asubuhi, halafu nesi anaita majina moja moja. Mimi nilikuwa masikio ya dada. Jina lilipoitwa nikamgusa, tukaingia, nikajisikia mtu muhimu kuliko daktari.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" nesi akaniuliza mimi.

"Vizuri kabisa," nikajibu. "Anakula, analala, hana shida."

Dada akanigonga bega. "Umesema nini?"

"Nimesema unaendelea vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Si nakuona?"

"Miguu yangu inawaka moto tangu juzi. Hiyo umeiona?"

Ikabidi nimgeukie nesi na uso umenishuka. Nesi akaibonyeza miguu, na kweli, kidole kikaacha shimo. Akanitazama kwa jicho la pembeni, kama anayejiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa hasikii. Halafu akaanza kuuliza maswali mengine, ya mume na mke, ambayo ilibidi niyapitishe mimi, mdogo mtu, na majibu yake niyarudishe. Tulitoka pale dada amenuna, na mimi nimejifunza mambo ya shemeji yangu ambayo sikuyahitaji.

Mwezi uliofuata dada akasema atakwenda peke yake. Mume wake, ambaye naye ni kiziwi, ni mchomeleaji wa vyuma, na wakati ule kazi ilikuwa imempeleka upande wa Busisi, anarudi nyumbani Jumamosi. Sikubishana. Nilimwambia tu ajitokeze dirishani, awaonyeshe sikio, watamwelewa.

Siku ya kliniki alikuja saluni saa nane na nusu mchana. Nilikuwa nina kichwa mkononi, nikakiacha kama kawaida ili nigeuke. Dada akanionyesha kwa kidole: malizia. Akakaa kwenye benchi nyuma yangu, akasubiri mpaka nikamaliza. Maisha yake yote hakuwahi kunisubiri. Hilo ndilo lililonitisha.

Mteja alipotoka, dada akaongea. Mikono yake ilikuwa chini, karibu na mapaja, kama mtu anayenong'ona.

"Nilikaa tangu saa moja. Niliwaonyesha sikio. Wakatabasamu, wakaniambia kaa. Nikakaa. Najua waliniita. Naona mdomo wa nesi unafunguka, halafu watu wote wanageuka kumtafuta mtu ambaye hayupo. Na mimi nageuka nao, namtafuta. Kumbe ni mimi."

Kadi yake ilirudishwa chini ya kadi za wenzake, ikapanda tena, ikarudishwa tena, mpaka dirisha likafungwa.

"Mwezi ujao tunakwenda wote," nikamwambia.

"Hapana. Mimi ndiye natakiwa kumsindikiza mtu." Akagusa tumbo. "Huyu hapa. Kabla hajazaliwa, nataka waniite mimi, niinuke mimi, niingie mimi. Siku ya kujifungua utakuwa na kichwa cha bibi harusi mkononi, mume wangu atakuwa Busisi. Wataniita, na mimi nitamtafuta nani?"

Ilikuwa imebaki miezi minne.

Jumamosi dada alilipeleka jambo lile kwenye kikundi. Viziwi wa pande zetu hukutana kila Jumamosi alasiri kwenye karakana ya fundi seremala ambaye ndiye mwenyekiti wao, naye ni kiziwi. Mimi nakwenda kwa sababu ni mkalimani wao, na kwa sababu kule kuna vicheko ambavyo saluni hakuna.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Viziwi hawakuiti kwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Wanakutazama kwanza, siku moja au mwezi, halafu wanakupa alama, na ukishapewa umepewa. Mwenyekiti ni penseli nyuma ya sikio. Dada yangu ni pini mdomoni, kwa vile anavyozibana wakati wa kushona. Mimi nina vishimo mashavuni, basi jina langu ni kujibonyeza shavu kwa kidole. Huombi jina wala huligomei.

Kuna na babu mmoja, jirani wa karakana, mvuvi mstaafu aliyehamia kutoka mkoa wa Mara baada ya kuacha nyavu. Masikio yake yameanza kumtupa miaka mingi, lakini usimwambie. "Mimi siyo kiziwi," husema. "Nyie vijana wa siku hizi mnaongea porepore." Alama yake ni kiganja nyuma ya sikio. Yeye anaamini ndivyo viziwi wanavyosema shikamoo. Kila wakimtaja anaitikia, "Marahaba, marahaba wanangu," na hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kumsahihisha.

Siku ile dada alisimulia habari ya veranda. Ikaonekana karibu kila mtu pale alikuwa na veranda yake. Mmoja alikosa kung'olewa jino. Mwingine alikaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa mpaka mtu baki akamhurumia. Mwenyekiti akachomoa penseli. Tuandike barua halmashauri, akasema, tena barua rasmi, yenye kumbukumbu namba na "Yahusu".

Mwenyekiti akaandika, dada akapunguza maneno, mimi nikanakili kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko ndicho kitu pekee nilichosifiwa shuleni. Tuliipeleka masjala, karani akaitazama akairudisha. Haina namba ya simu. Barua ya kikundi lazima iwe na namba ya simu ya kiongozi, vinginevyo haipokelewi. Mwenyekiti akaandika namba yake, kwa tarakimu kubwa na za kujiamini. Karani akagonga muhuri. Tukatoka tukipongezana.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa. Hata mimi, mwenye masikio mawili mazima. Ukikaa na viziwi muda mrefu unasahau kwamba simu ni ya kusikilizia. Kwao simu ni meseji na video, mchana kutwa, na bando zao huisha kabla ya zangu.

Tukasubiri. Wiki ya kwanza mwenyekiti alikuwa akichana nywele kabla ya kufungua karakana, asije afisa akamkuta ovyo. Wiki ya tatu akaacha. Tumbo la dada lilianza kuitangulia miguu yake mlangoni. Kliniki nilimsindikiza tena, bila kuongea zaidi ya nilichotumwa, na yeye bila kuninunia, lakini akiinuka pale nilipomgusa niliona anainuka kama mtoto aliyeamshwa.

Wiki ya saba tukaenda wenyewe: mwenyekiti, dada, na mimi. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na feni isiyozunguka. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kipara na leso nyeupe anayopitisha kipara hicho kila baada ya sentensi, kama mtu anayeweka nukta. Tulipojitambulisha alinyanyuka.

"Ndiyo nyie? Nyie watu! Mimi nimewatafuta mpaka nimechoka. Tuliwaandalia kikao, mganga mfawidhi akaja, na maandazi yakaja, nyie hamkutokea."

"Kikao gani?" mwenyekiti akauliza kupitia kwangu.

"Nimepiga simu mwenyewe. Mara tisa! Haipokelewi. Ona." Akafungua faili. Kulikuwa na mstari kwa wino mwekundu: *Wahusika hawapatikani kwa simu. Huenda tatizo limekwisha.*

Mwenyekiti akaisoma, akakunja uso. Akamwomba afisa ahakikishe namba. Afisa, kwa hasira za mtu mwenye haki, akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni huku akitukodolea macho.

Mfuko wa shati la mwenyekiti ukaanza kutetemeka.

Mwenyekiti akaweka kiganja kifuani. Akafumba macho kidogo, uso ukafunguka kwa furaha. "Kumbe ni wewe!" akasema kwa mikono. "Kila ikinitekenya nikajua mtandao wananiuzia bando."

Nikatafsiri. Afisa akabaki na simu sikioni. Akamtazama mwenyekiti, akatazama mfuko, akatazama faili. Leso ikaishia nusu ya safari, juu ya kipara.

"Nimempigia simu kiziwi," akasema polepole.

"Mara tisa," nikasema. Haikuwa tafsiri, ilinitoka tu.

"Mara tisa," akakubali, akakaa. Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Alicheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuchungulia, na mwenyekiti akacheka kwa ule mlio wake mzito ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia, na mimi machozi yakanitoka.

Dada peke yake hakucheka. Alisubiri tumalize, akasimama na tumbo lake, akaongea. Mkalimani mzuri husema "mimi" pale mwenye maneno anaposema "mimi", basi nikasema:

"Mheshimiwa, hicho ulichokifanya mara tisa, mimi nafanyiwa kila mwezi pale dirishani. Naitwa, siitiki, inaandikwa sipo. Lakini nipo. Sisi hatuombi dawa za ziada, hatuombi kitanda cha peke yetu, hatuombi kupita mbele ya foleni. Tunaomba kuitwa."

Afisa alikuwa ananitazama mimi, kama wote wanavyofanya. Kidogo kidogo nikayaona macho yake yanahama, yakatua kwa dada, yakabaki hapo. Akachukua kalamu, akaukata ule mstari mwekundu.

"Jumamosi nakuja huko mnakokutana," akasema, akimtazama dada. "Na nesi wa dirisha nakuja naye."

Alikuja kweli. Karakana ilifagiliwa mpaka randa zikaonekana mpya. Afisa akakaa kwenye kiti ambacho vanishi yake haijakauka vizuri, hatukujua mpaka alipoinuka. Nesi akakaa pembeni, mkoba mapajani, amejikunja kama mtu aliyeletwa baraza la usuluhishi. Nilimwonea huruma, ingawa siku moja mbele ya kioo niliwahi kumtukana kwa lugha ya alama, neno kwa neno.

Afisa akatoa hotuba fupi, nikatafsiri. Aliposema ofisi yake imekosea na inaomba radhi, watu wote wakainua mikono juu na kuitikisa. Akashtuka.

"Jamani! Maswali yote hayo? Basi tuanze na mmoja mmoja. Wewe dada wa mbele."

Dada wa mbele akageuka nyuma kutafuta anayeulizwa. Nikamweleza afisa kwamba hayo siyo maswali, hayo ni makofi. Kiziwi hana faida na makofi ya kupigwa, anapiga ya kuonekana. Afisa akaitazama ile misitu ya mikono inayopepea, akasema, "Kumbe!" na yeye akainua yake, leso ikiwa bado mkononi. Ikapepea kama bendera. Mikono ikazidi.

Pale mwenyekiti akasema jambo kwa wenzake, na katikati ya jambo hilo afisa akaona kitu.

"Hebu subiri. Hiyo aliyofanya," akapitisha kiganja kwenye kipara chake, kutoka mbele kwenda nyuma, "ameifanya mara tatu akiniangalia. Ni nini hiyo?"

Lilikuwa jina lake. Walishampa tangu siku ile ofisini. Kichwani nikaanza kutafuta uongo wa heshima: kiongozi, mgeni rasmi, mtu mwenye busara. Nikamwona dada ananitazama na pini yake isiyokuwepo mdomoni. Tulikuwa tumekubaliana: nitapitisha kila kitu, hata kinachouma.

"Ni jina lako, mheshimiwa."

"Jina langu ni kupangusa kipara?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Na mkono wake, wenyewe, kwa mazoea, ukapanda na leso ukapangusa kipara. Karakana nzima ikapasuka. Hata nesi alifunika mdomo kwa mkoba. Afisa akaiangalia leso kama anaiona kwa mara ya kwanza, akasema, "Wamenipatia. Mke wangu angekuwepo angewapa zawadi."

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi, ila nesi. Aliomba kusema.

"Mimi sina roho mbaya," akaanza, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Mimi ni mmoja, dirisha ni moja, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nikisema nitoke kumshika kila mtu bega, sindano atachoma nani?"

"Sema kwa nguvu!" babu akadakia kutoka mlangoni, alikokuwa amekaa na kikombe cha chai. "Ndiyo huyu! Ndiye anayenong'ona pare dirishani. Presha yangu inapanda kwa kumsikiriza!"

"Babu, mimi napiga kelele pale mpaka koo linakauka!"

"Mnaona? Hata sasa ananong'ona."

Nilikuwa natafsiri kwa kasi, na mikono ya makofi ikawa inapanda na kushuka, haijui imshangilie nani. Mwenyekiti akanyanyuka. Akaokota kipande cha mbao chini, akachomoa jina lake nyuma ya sikio, akachora. Mraba mkubwa. Ndani yake vibao vidogo vinavyoning'inia kwenye pete, kimoja juu ya kingine. Kila kibao namba. Mtu akifika asubuhi anapewa namba yake, nesi anageuza kibao, kila mwenye macho anaona, hata aliye kwenye ngazi.

Nesi akaishika ile mbao. "Na mimi sipigi kelele tena?"

"Hupigi."

"Hata kidogo?"

"Labda kwa asiyeona. Huyo utamwita, wengine watakuwa wamekuachia koo la kumwitia."

Akajishika shingo, taratibu. "Kinakuwa tayari lini?"

Mwenyekiti akasema siku tano, lakini kwa sharti. Hapo akaweka mbao chini, akasimama vizuri, na mimi nikasimama vizuri pia. "Kibao nitatengeneza. Ila kisiwe sadaka ya viziwi. Halmashauri iandike kwamba huu ndio utaratibu wa kituo, ili nesi huyu akihamishwa, anayekuja asikigeuze meza ya chai. Na vituo vingine viandikwe kwenye mpango wenu."

Afisa alifikiri. Vituo vingine hakuweza kuahidi, akasema, ila ataviandika na atakuja kusema palipokwamia. Kituo chetu, ndiyo. Akaomba kalamu. Yake ilikuwa imekwisha wino, kwa hiyo mwenyekiti akampa penseli, na rasimu ya kwanza ya utaratibu ule iliandikwa kwa penseli ya seremala, nene kama msumari.

Jumamosi zilizofuata nesi alikuja mwenyewe, bila kuletwa. Dada akawa mwalimu wake. Walianza na maumivu, wapi, tangu lini. Halafu pumua. Halafu sukuma, ambayo nesi aliifanya kwa nguvu kiasi kwamba alimwangushia babu chai. Nilijaribu kukaa katikati yao nitafsiri, na dada, bila kunitazama, akaunyoosha mkono akanisogeza pembeni kama anavyosogeza kitambaa kisichotakiwa mezani. Kidogo kiliniuma. Nikaenda kukaa na babu, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba kuna joto. "Ndiyo," akajibu, "samaki wamepanda bei."

Kibao kilitundikwa dada akiwa amebakiza wiki chache. Mwenyekiti alikitengeneza kwa mninga, akakipaka bluu ya ziwa la asubuhi, namba nyeupe. Shemeji alichomelea fremu ya chuma Jumamosi mbili. Siku ya kliniki dada akaniambia, "Nenda kazini."

"Nakwenda."

"Kweli?"

"Kweli."

Nilikwenda, mpaka kwa babu. Nikamwambia presha yake ipimwe leo. Aliposema anajisikia vizuri nikamwambia hajisikii vizuri. Tukafika kabla ya dada, babu akapewa namba, tukakaa benchi la nyuma kabisa, mimi nimejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi.

Dada alikuwa mbele, mgongo umenyooka, namba yake imeshikwa kwa vidole viwili kama pini. Nesi alikuwa dirishani, mdomo umefungwa. Anageuza kibao, anasubiri, mtu anainuka. Veranda ilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuujua pale. Ungesikia kunguru juu ya bati, na kila namba ikigeuka, ule mgongano mdogo wa mbao kwa mbao.

Kumi na sita. Babu akasimama kwa kishindo. "Namba yangu! Unaona? Binti reo amesema kwa sauti." Akatembea mbele, kifua mbele, kama aliyeshinda kesi.

Alipotoka kupimwa, kumi na saba.

Na dada alikuwa ameinama. Ukanda wa kiatu ulimtoka, na kwa tumbo lile kuinama ni safari. Kibao kinasema kumi na saba, na yeye macho yako sakafuni. Nilijiona nimeshanyanyuka nusu. Hatua sita tu, nimguse bega. Mikono yangu ilikuwa imeshafunguka.

Nikaikalia. Nikakaa juu ya mikono yangu yote miwili, nikaibana kwenye benchi kwa uzito wote nilio nao, siyo mwingi.

Nesi hakufungua mdomo. Hakukigeuza kibao. Alisubiri. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akatazama namba yake, na nesi akasubiri tu, akakitikisa kibao kidogo kwenye jua. Mwanga wa rangi mpya ukakimbia sakafuni, ukapita karibu na kiatu cha dada. Dada akainua kichwa. Akatazama kibao. Akatazama karatasi yake.

Akainuka.

Hakuna aliyegeuka kumtafuta mtu asiyekuwepo. Alipita katikati ya mabenchi polepole, mkono kiunoni, na alipofika usawa wa mlango, bila kugeuza shingo, akapeleka kidole shavuni akajibonyeza. Jina langu. Mtandio wote ule, na alikuwa ameniona tangu alipoingia.

Nesi akatoka dirishani akamfuata ndani, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na mikono isiyo na kazi. Mama aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Binti, unalia nini? Umekosa namba?"

"Hapana mama. Nimefurahi."

"Haya," akasema, akasogea kidogo.

Walikaa ndani muda mrefu. Nilisikia nesi akicheka, mara mbili, na sikujua kwa nini, na kutokujua kule kulikuwa kugeni kabisa kwangu. Dada alipotoka nikamwendea mbio.

"Amesema nini? Miguu je? Mtoto amekaaje? Mmecheka nini?"

Dada akaweka kadi yake kwenye mkoba, akaufunga zipu, akachukua muda wake. Halafu akafinya midomo na kuizungushia ufunguo.

"Siri," akasema. "Ya kwangu na ya nesi."

Tukashuka ngazi. Pale chini akanionea huruma, akainua kiganja karibu na uso wangu, akapuliza.